Mtoto na Pensheni: Historia ya Kesi Mbili Zilizo Moja katika Komini ya Kampemba

Mada ya makala haya tuliipata kwenye kilio kimoja katika mtaa wa Kigoma, komini ya Kampemba. Marehemu alikuwa mstaafu aliyefanya kazi zaidi ya miaka thelathini katika kampuni moja ya mji huu. Asili yake ilikuwa upande wa Kabongo, kwa Waluba. Mjane wake alikuwa Mwaushi, ambaye ukoo wa mama yake ulikaa karibu na mpaka wa Zambia. Siku ya tatu baada ya maziko wazee waliketi chini ya turubai, na ndugu mdogo wa marehemu akasema maneno machache tu: "Batoto ni betu, na makaratasi ya pansio ni yetu." Mjane, aliyekuwa ameketi mkekani pamoja na dada zake, akamwuliza kwa upole: "Baba mudogo, batoto mutabalisha na nini?" Hakuna aliyemjibu. Kikao kikaendelea na suala la kiwanja.

Waliokuwapo waliyahesabu mambo hayo kuwa mawili: kwanza, watoto watakaa wapi, pili, nani atapokea pensheni. Sisi tuliondoka pale tukifikiri kwamba yule mama alikuwa ameyaunganisha katika swali moja, na kwamba alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Makala haya yanajaribu kuonyesha jinsi mambo hayo yalivyofungamana katika historia ya mji wetu, na jinsi lugha yenyewe ilivyosaidia kuyafunga. Mwandishi ni mwanaisimu, si mwanasheria. Wasomaji wa Kitivo cha Sheria watamwia radhi pale atakapokanyaga shamba lao.

Posho na hesabu ya vichwa

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906, na mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi, ulianza mwaka 1910. Wafanyakazi wa miaka ile ya mwanzo waliajiriwa kwa miezi michache, kisha wakarudi kwao. Wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Lomami, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 wengine Ruanda-Urundi. Walikuja bila wake. Mfanyakazi akifa, kesi yake ilikuwa fupi: alikuwa na blanketi, mshahara ambao haujalipwa, na ndugu mbali sana.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipochoka kuajiri upya kila mwaka ikaanza kutoa mikataba ya miaka 3 na kuwaruhusu wanaume waje na wake zao, au hata kuwatia moyo wafanye hivyo. Kambi zikapata nyumba za jamaa, hospitali za uzazi na shule zilizoongozwa na wamisionari Wabenediktini. Jambo linalotuhusu hapa ni posho. Chakula cha juma kilipimwa kwa vichwa: mfanyakazi na fungu lake, mke na fungu lake, mtoto na fungu lake dogo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Kikatanga aliandikwa katika daftari, na jina lake likawa na uzito wa unga.

Tukilitazama jambo hili vizuri tutaona kwamba suala la mtoto alale wapi lilipata bei kabla ya pensheni kuzaliwa. Mtoto aliyepelekwa kijijini kwa mjomba alitoka katika daftari, na fungu lake likatoka pia. Mtoto aliyeletwa kutoka kijijini, hata akiwa wa dada, alitafutiwa njia ya kuingizwa. Na mfanyakazi alipokufa, nyumba ilikuwa ya kampuni. Mjane na watoto iliwabidi waondoke kambini na kurudishwa kwao. Kwao wapi? Hapo ndipo mashauri yalipoanza.

Katika jamaa za Wabemba, Walamba na Waaushi, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa Waluba, mahari ikishatolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Kambini watu hawa walikaa ukuta kwa ukuta wakaoana. Serikali ya kikoloni ilidhani desturi ni kitu ambacho kila mtu amekibeba mzima kutoka kwao kama mzigo wa safari. Haikuwa imetayarisha jibu kwa mtoto mwenye desturi mbili zinazokataana. Dikrii ya 1926 ilikuwa imeweka mahakama za wenyeji, na dikrii ya 1931 ikaruhusu mitaa ya Waafrika mijini kuwa na utawala wake. Mtaa wa Élisabethville ulipewa utawala huo mwaka 1932, na baraza lake pia. Waamuzi wake walitoka katika desturi mbalimbali. Kuanzia 1933 jarida la Bulletin des Juridictions Indigènes likachapisha mjini hapa hukumu za mabaraza ya namna hiyo pamoja na maelezo ya mahakimu wa Kizungu. Atakayefungua majalada yake ataona mashauri ya mahari, ya wajane na ya watoto yakijirudia mwaka hata mwaka. Watu walisema kwa Kiswahili, na karani akaandika kwa Kifaransa. Tutalirudia jambo hili.

Kurithi na kupyana

Neno mirathi na kitenzi kurithi vilitufikia kutoka pwani, na pwani ilivipata katika Kiarabu. Huko mirathi ni elimu ya mafungu: mali ya marehemu hukusanywa, madeni hulipwa, kisha kila mwenye haki hupewa sehemu yake inayojulikana. Marehemu mwenyewe hana mrithi wa nafsi yake. Amekwenda.

Lakini hapa Katanga kitenzi hicho kilikuta mwenyeji nyumbani. Wabemba wana ukupyana, na Waluba wana kitenzi cha shina hilo hilo. Ndiyo maana tuna majirani wengi wanaoitwa Mpyana au Mpiana. Kupyana ni kukaa mahali pa aliyekufa. Anayepyana huchukua jina la marehemu, cheo chake na wajibu wake. Zamani aliweza kuchukua na mjane wake, na watoto wa marehemu walimwita baba bila kufikiri. Mali ni sehemu tu ya mambo hayo, na pengine ni sehemu ndogo. Kisichogawanyika katika kupyana ni mtu mwenyewe: lazima apatikane mmoja wa kusimama pale alipokuwa marehemu.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi maneno hayo mawili yaliingiliana. Mtu husema kurithi huku akiwaza kupyana. Kwa nyumba, bunduki au baiskeli mchanganyiko huo haukuleta hasara kubwa. Pensheni ilipofika, hasara ikaonekana. Pensheni ni feza inayokuja kwa jina la mtu, tena inaendelea kuja baada ya kazi kwisha. Ikiwa mimi nimepyana ndugu yangu, nimechukua jina lake. Jina likiitwa dirishani, kwa nini nisiitike mimi? Tusiwadharau ami na wajomba kwa haraka. Wako walafi, na kila mtu wa Kampemba anaweza kumtaja mmoja. Lakini wako pia wanaofuata mantiki ya neno lao hadi mwisho, na mantiki hiyo inawadai wawalishe watoto wa marehemu. Shida ni kwamba mshahara wa mjini umeikata mantiki hiyo katikati: feza hufika kwa ami, na njaa hubaki kwa mjane.

Feza isiyo ya mirathi

Pensheni ya wafanyakazi wa Kongo iliwekwa kwa dikrii ya tarehe 6 Juni 1956. Miaka 5 baadaye, nchi ikiwa imepata uhuru na Katanga ikiwa bado imejitenga, serikali ya Léopoldville ilitoa dikrii-sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliyopanga hifadhi ya jamii na kuanzisha taasisi ya INSS. Jina hilo lilidumu hadi 2018, taasisi ilipogeuzwa kuwa CNSS kufuatana na sheria mpya ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 Julai 2016.

Sheria hizo zina fikira moja ambayo, kwa maoni yetu, haijapata kuelezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Mfanyakazi anapokufa, pensheni yake ya uzee hufa pamoja naye. Kinachozaliwa ni kitu kingine, yaani pensheni ya waliosalia, na mwenye kitu hicho ni mjane kwa jina lake na yatima kwa jina lake. Haipiti katika mirathi wala haigawanywi na wazee. Ndugu wa marehemu hahesabiwi kwa sababu ni ndugu. Kuna mpaka mmoja: mjane akiolewa tena, haki yake hukoma. Mtu anaweza kuuliza kama hapo sheria ya Wazungu haikukutana kimyakimya na desturi: mjane anahesabiwa kuwa wa marehemu hadi atakapokuwa wa mwingine.

Sehemu ya yatima, kwa kuwa yeye ni mtoto, hupokewa na yule anayemlea. Sentensi hiyo ndogo ndiyo kiini cha ugomvi wetu. Hakuna ami anayeweza kusema mbele ya afisa kwamba amerithi pensheni ya kaka yake. Lakini anaweza kusema kwamba ndiye anayewalea watoto, na njia iliyo fupi ya kuifanya kauli hiyo iwe kweli ni kuwapandisha watoto kwenye treni. Mtoto huhamishwa ili karatasi imfuate.

Hali hiyo ilizidi kukorogeka Sheria ya Jamaa ilipotolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Sheria hiyo ilitaka kuziweka desturi zote za Zaïre chini ya kitabu kimoja, na kwa watoto ilikuwa na moyo mkubwa. Watoto wa marehemu, waliozaliwa katika ndoa na wale wa nje waliokubaliwa na baba alipokuwa hai, pamoja na wa kupanga, ndio kundi la kwanza la warithi. Walipewa robo tatu za mali. Robo iliyobaki iligawanywa kwa mjane, kwa wazazi wa marehemu na kwa ndugu zake, kila upande sehemu moja ya kumi na mbili. Mjane alipata pia haki ya kuendelea kuitumia nyumba ya ndoa. Hapo ami na shangazi wa watoto walikuwa na sehemu yao, ndogo lakini halali, na wengi wakaona kwamba sehemu hiyo inaingia hata katika pensheni. Haingii. Sehemu ya kumi na mbili ni ya mirathi. Pensheni ya waliosalia iko nje ya mirathi. Malimbikizo tu, yaani feza ambayo marehemu alistahili kulipwa akiwa hai na haikulipwa, ndiyo yanayorudi katika mali yake ya kugawanywa.

Kifungu kimoja cha sheria hiyo kinastahili kicheko cha huzuni. Ili kuwakinga watoto wa maskini, ilisemwa kwamba mirathi isiyozidi zaïre 100,000 iende yote kwa watoto. Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya, iliyobadilishwa kwa zaïre 3,000,000 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kupita asilimia 9,000. Mwaka 1998 ikaja faranga, iliyobadilishwa kwa zaïre mpya 100,000. Anayependa hesabu atafute mwenyewe ile zaïre 100,000 ilikuwa imebaki kitu gani. Pensheni za wazee wetu zilipita katika kinu hicho hicho. Wengine waliacha kwenda kuzipokea, kwa kuwa nauli ilizidi kilichopokewa.

Treni za 1992 na hesabu za 2003

Mara mbili katika miaka ya karibuni kesi za aina hii zilifurika. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi wakati wa utawala wa gavana Kyungu wa Kumwanza. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni za kwenda Mwene-Ditu na mbele yake. Wengi wao walizaliwa hapa; baba zao waliajiriwa na Union Minière au na kampuni ya reli. Ndoa za mseto zilipasuliwa. Mtoto wa baba Mkasai na mama Msanga alikuwa wa nani jukwaani? Wapo waliokwenda na baba, na wapo waliofichwa kwa bibi upande wa mama. Majalada ya kazi, hata hivyo, hayakupanda treni. Yatima aliyefika Mbuji-Mayi alikuwa na haki katika karatasi iliyobaki kilomita mia nyingi nyuma yake, katika ofisi ambayo mama yake hakuthubutu kurudi kuiona.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2003. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya kutaifishwa mwanzoni mwa 1967, ilikuwa imefikia hali ya kutolipa mishahara kwa miezi na miezi. Kwa feza ya Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walipewa malipo ya mara moja, kuanzia dola 1,900 hadi dola 30,000 hivi. Mwanahistoria wa chuo chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2001 kitabu chake juu ya wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Kichwa hicho kilikuwa kama kimengoja mwaka 2003 ufike.

Kwa sheria, malipo yale yalikuwa mali ya mfanyakazi. Akifa kabla ya kuyatumia, yaliingia katika mirathi, na robo tatu zilikuwa za watoto. Pensheni ya INSS ilikuwa jambo la mbali kabisa. Lakini mjini vyote viliitwa pansio: hesabu ya mwisho ni pansio, feza ya Benki ya Dunia ni pansio, na feza ya mjane ni pansio. Neno moja lilimeza haki tatu, na aliyezijua tofauti zake akawala wasiozijua.

Sheria isemwe kwa lugha gani

Tanzania mtu wa kawaida husema msimamizi wa mirathi bila kuhitaji mkalimani, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilisema wazi kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama yake, hadi ithibitishwe vingine. Sisemi kwamba wajane wa huko hawadhulumiwi; wanadhulumiwa sana. Lakini wanadhulumiwa kwa lugha wanayoielewa, na hilo ni nusu ya dawa. Hapa kwetu Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 142 kinaitaka serikali ieneze kila sheria katika lugha hizo katika siku 60. Ningependa kukutana na mjane wa Kampemba aliyeshika mkononi Sheria ya Jamaa, pamoja na marekebisho yake ya 2016, kwa Kiswahili. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 ilileta mahakama za watoto na ikaweka manufaa ya mtoto mbele ya yote. Ila ami anayekata tiketi ya treni haulizwi na mtu yeyote kuhusu manufaa hayo.

Idara yetu inaweza kuanza na jambo dogo. Tuache kuandika kurithi pensheni, hata katika mitihani ya tafsiri. Mjane hairithi. Yatima hairithi. Waandikwe kuwa wenye haki, nayo pensheni iitwe ya waliosalia. Na kurithi kubaki kwa kiwanja, nyumba na malimbikizo. Najua wenzangu watasema kwamba neno halijawahi kumlisha mtu.

Yule mama wa mtaa wa Kigoma alituletea makaratasi yake miezi mitatu baadaye. Ndoa ilifungwa mbele ya jamaa na mahari ilitolewa, lakini haikuandikishwa komini. Mtoto wa mwisho hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto mkubwa, mvulana wa miaka 14, alikuwa amekwisha kupelekwa Kabongo. Wadogo wawili alikuwa nao, baada ya kaka yake kuja usiku akasimama mlangoni. Ilimbidi apate kwanza hukumu mbili za mahakama, moja ya ndoa na moja ya uzazi, na mashahidi wa ndoa walikuwa wale wale wazee waliokaa chini ya turubai. Wawili kati yao walikubali kuja. Mmoja wao alikuwa baba mkubwa wa watoto, mzee wa miaka zaidi ya sabini, aliyesema mbele ya hakimu kwamba yeye mwenyewe aliyapokea maneno ya mahari na kwamba haoni haya kuyarudia.

Karatasi ya ofisi ilipotoka ilikuwa kwa Kifaransa. Tulimtafsiria mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye jina lake akatuzuia akauliza: "Njo kusema nimemupyana bwana yangu?" Tukamwambia hapana, feza hii ni yake mwenyewe, na ya watoto ni yao. Akaiangalia karatasi kwa muda. Kisha akauliza kama mvulana aliyeko Kabongo ameandikwa pia. Alikuwa ameandikwa, na mbele ya jina lake, mahali pa mlezi, palikuwa pameachwa wazi.